Kuivuka Central Park kwa Miguu, Kutoka Kusini Hadi Kaskazini: Mwongozo Kamili

Wageni wengi wanaofika New York huingia Central Park kwa upande wa kusini, hutembea hadi kwenye chemchemi ya Bethesda, hupiga picha zao, kisha hurudi walikotoka wakiamini kwamba wameiona bustani. Walichokiona ni kama robo yake tu. Bustani hii ina ukubwa wa hekta 341; inaanzia Mtaa wa 59 na kuishia Mtaa wa 110, urefu wa takriban kilomita 4 kwa upana wa mita 800, na kwa maoni yangu nusu yake ya kaskazini, yenye msitu, kijito na makorongo, ndiyo inayostahili nguvu za miguu yako. Kwa hiyo njia ninayoieleza hapa inaanza pale wanapoanzia wengi lakini haiishii hapo. Ina urefu wa takriban kilomita 8 pamoja na mizunguko yake, na inahitaji saa tano ukisimama vya kutosha. Kuingia ni bure katika milango yote.

Kabla ya kuondoka

Bustani hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 7 usiku, lakini wakati mzuri wa kuanza safari hii ni saa 3 asubuhi, ili ufike kwenye msitu wa kaskazini mchana, bado kuna mwanga na watu njiani. Katika mwezi wa Desemba jua huzama karibu saa 10 na nusu alasiri, na anayeanza saa 7 mchana atajikuta gizani katikati ya miti. Ukiweza kuchagua msimu, chagua mwisho wa Aprili hadi katikati ya Mei, ndege wahamao wanapopita kwa wingi, au mwanzo wa Novemba, majani yanapogeuka rangi ya dhahabu na ya kutu. Julai na Agosti joto lake ni la unyevunyevu, linalochosha zaidi ya vile kipimajoto kinavyoonyesha.

Vaa raba zenye soli isiyoteleza, kwa sababu mawe ya bustani hii huwa laini kama kigae baada ya mvua. Beba maji, kitu cha kula, na simu iliyojaa chaji yenye ramani inayofunguka bila intaneti. Vyoo vipo, lakini vimetawanyika. Vile unavyoweza kuvipanga katika njia hii ni vya Heckscher Playground upande wa kusini, vya Bethesda Terrace, vya karibu na ukumbi wa wazi wa Delacorte, na vya Conservatory Garden upande wa kaskazini. Usivipite kwa kujiamini, maana kutoka kimoja hadi kingine unaweza kutembea nusu saa.

Jifunze kwanza kusoma nguzo za taa

Vijia vya bustani hii vilipindwa kwa makusudi. Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux, walioshinda shindano la kuisanifu mwaka 1858, walitaka mtu aliyechoshwa na mitaa iliyonyooka apate mahali ambapo jicho haliwezi kuona mwisho wa njia. Matokeo yake ni kwamba kila mgeni hupotea, na simu haimsaidii sana anapozungukwa na vijia vitano vinavyofanana.

Msaada wa uhakika uko kwenye nguzo za taa. Sogea karibu na nguzo yoyote na utafute kibao kidogo cha chuma chenye tarakimu nne. Kwa sehemu yote iliyo chini ya Mtaa wa 100, tarakimu mbili za kwanza ni namba ya mtaa ulio sambamba na pale uliposimama, na tarakimu ya mwisho inakuambia uko upande gani: ikiwa ni shufwa uko karibu zaidi na upande wa mashariki, yaani Fifth Avenue, na ikiwa ni witiri uko karibu zaidi na upande wa magharibi, yaani Central Park West. Nguzo yenye namba 7413, kwa mfano, iko usawa wa Mtaa wa 74, upande wa magharibi. Tembea hadi nguzo ya pili na ya tatu. Namba zikipanda unaelekea kaskazini. Mitaa 20 ni sawa na maili moja, kama kilomita 1.6, hivyo kila mtaa unaoupita ni hatua ya mita 80 hivi, na unaweza kukadiria safari iliyobaki bila kutoa simu mfukoni.

Usilitegemee sana jua kukuonyesha njia. Mitaa ya Manhattan imeelekezwa sambamba na kisiwa, na kile ambacho wenyeji wanakiita kaskazini kimeegemea mashariki kwa nyuzi 29 kutoka kaskazini halisi. Katika mwongozo huu nafuata kaskazini ya wenyeji.

Jambo la pili la kujua ni usalama wa kuvuka. Magari ya watu binafsi hayaruhusiwi kupita katika barabara za ndani ya bustani tangu mwaka 2018, lakini baiskeli, zikiwamo za umeme, hupita kwa kasi na kwa kimya. Zote huzunguka kinyume cha mwendo wa saa: upande wa mashariki zinaelekea kaskazini, upande wa magharibi zinaelekea kusini. Kwa hiyo unapoingia kutoka Central Park West na kuvuka barabara ya ndani, hatari inatoka kushoto kwako. Sisi tuliozoea magari kushika kushoto, na kwa hiyo kutazama kulia kwanza, inatubidi tujikumbushe jambo hili kila tunapokanyaga lami. Barabara nne za magari yanayokatiza kutoka upande mmoja wa jiji hadi mwingine, usawa wa Mitaa ya 65, 79, 85 na 97, hazitakusumbua hata kidogo, kwa sababu wasanifu walizichimba chini ya usawa wa ardhi na kukupitisha wewe juu yake. Mara nyingi utakuwa umevuka bila kujua.

Hatua ya kwanza: kutoka Columbus Circle hadi kwenye mwamba

Panda treni ya chini ya ardhi ya A, B, C, D au 1 hadi kituo cha 59 Street–Columbus Circle, na uingie kwa mlango uitwao Merchants' Gate. Milango mingi ya bustani ilipewa majina ya makundi ya watu wa jiji: wafanyabiashara, wasanii, wakulima, mabaharia, wageni. Jina huchongwa kwenye ukuta wa mawe, na ni vyema kulisoma, kwa kuwa ndilo utakaloelezwa ukiuliza njia.

Fuata kijia kinachoelekea kaskazini-mashariki hadi Heckscher Playground, usawa wa Mtaa wa 62, ambapo utaona mwamba mkubwa wa kijivu uitwao Umpire Rock. Upande juu yake. Mteremko wa kaskazini ni mwepesi. Kisha chuchumaa na uweke kiganja chako juu ya jiwe. Utahisi mifuo mirefu, mingine ya kina cha kidole, yote ikielekea upande mmoja, kaskazini-magharibi hadi kusini-mashariki, na katikati yake vipande vya mika vinavyometameta kama magamba ya samaki. Mifuo hiyo ilichimbwa na mawe yaliyokuwa yamenaswa chini ya barafuto, yaani mto mkubwa wa barafu, iliyoukokota uzito wake juu ya kisiwa hiki katika enzi ya barafu iliyopita. Ninakuomba usimame hapa dakika kumi, kwa sababu mwamba huu ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo wasanifu hawakuviweka. Maziwa yote utakayoyaona yalichimbwa, vijito vyake hulishwa kwa mabomba, na miti mingi ilipandwa kwa mikono juu ya ardhi iliyokuwa ya vinamasi na mawe matupu.

Hatua ya pili: The Mall na Bethesda

Kutoka kwenye mwamba, elekea kaskazini-mashariki ukiupita uwanja wa nyasi wa Sheep Meadow, ambao ulilisha kondoo wa kweli hadi mwaka 1934. Mbele yake utaikuta The Mall, njia pana iliyonyooka, ya pekee kunyooshwa hivyo kwa makusudi katika bustani nzima. Pande zote mbili imepangwa mielmu ya Marekani ambayo matawi yake hukutana juu kama dari. Ugonjwa wa kuvu uliangamiza mielmu katika sehemu kubwa ya Marekani, na mistari mirefu kama hii ni nadra sasa. Watunzaji huichunguza na kuukata upesi mti au tawi linaloonyesha dalili.

Katika njia hiyo kuna sanamu iliyozinduliwa mwaka 2020 ya wanawake watatu waliopigania haki za wanawake, wameizunguka meza: Susan B. Anthony, Elizabeth Cady Stanton na Sojourner Truth, ambaye alizaliwa mtumwa katika jimbo hilihili la New York. Kabla yake, bustani haikuwa na sanamu hata moja ya mwanamke aliyewahi kuishi. Kulikuwa na malaika na wahusika wa hadithi tu.

Mwisho wa The Mall, usivuke barabara kwa juu. Shuka ngazi zinazopita chini yake na uinue kichwa: dari ya ukumbi huo imefunikwa kwa zaidi ya vigae 15,000 vya kiwanda cha Minton cha Uingereza. Unapotokea upande wa pili, chemchemi iko mbele yako, na juu yake yuko malaika aliyechongwa na Emma Stebbins na kuzinduliwa mwaka 1873. Sanamu hiyo inaadhimisha maji safi ya mto Croton, yaliyofika jijini mwaka 1842 baada ya miaka ya kipindupindu, na ndiyo maana malaika ananyoosha mkono juu ya maji kana kwamba anayabariki.

Hatua ya tatu: ndani ya Ramble

Kutoka kwenye chemchemi fuata ukingo wa ziwa kwa upande wa magharibi hadi Bow Bridge, daraja la chuma cha kusubu lililokamilika mwaka 1862. Ukishalivuka umeingia Ramble, eneo la hekta 15 hivi za miti, mawe na vijia visivyonyooka hata kwa hatua ishirini. Hapa ndipo watu wanapozunguka na kujikuta tena darajani. Mara ya kwanza nilikaa humo karibu saa nzima, na sikujua nilipo hadi nilipokumbuka kuzitazama nguzo.

Fanya hivi. Kabla ya kuingia, jiambie kwamba maji ya ziwa yako kusini na magharibi kwako, na kwamba unakokwenda, ngome ya Belvedere, iko kaskazini na iko juu. Kila mara vijia vinapogawanyika, chagua kinachopanda, isipokuwa kama namba za nguzo zinashuka. Ukikikuta kijito chembamba, kipande ukielekea kilikotoka. Mnamo Aprili na Mei tembea polepole na kwa sauti ya chini, kwa sababu ndege wanaosafiri kando ya pwani ya mashariki, wanapoona kijani kimoja tu katikati ya saruji, hushuka humu kupumzika, na zaidi ya spishi 200 zimeandikwa katika bustani hii. Ukiona watu wamesimama kimya na darubini, simama nao. Wengi watakuonyesha kwa furaha kile wanachokitazama.

Belvedere imejengwa juu ya jabali liitwalo Vista Rock, na kutoka kwenye baraza yake unaona kaskazini bwawa dogo la kasa na uwanja mpana wa Great Lawn. Uwanja huo ulikuwa bwawa la maji ya kunywa la pembe nne, likakaushwa, na wakati wa mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930 watu waliokosa makazi walijenga vibanda ndani yake. Joto la New York linalotangazwa kwenye taarifa za hali ya hewa hupimwa hapo Belvedere, kwa zaidi ya miaka 100 sasa. Ukiwa na nusu saa ya ziada, teremka mashariki, nyuma ya jumba la makumbusho la Metropolitan, uuone mnara wa jiwe uliochongwa Misri zaidi ya miaka 3,400 iliyopita na kusimikwa hapa mwaka 1881.

Hatua ya nne: Seneca Village

Shuka kutoka Belvedere kwa upande wa magharibi, uvuke barabara ya ndani (tazama kushoto kama unaingia, kulia kama unatoka, hapa unatoka), na ufuate kijia hadi usawa wa Mitaa ya 82 hadi 89. Hakuna jengo la kuliona. Kuna nyasi, miti, mteremko, na mabango ya maelezo, na wengi hupita bila kupunguza mwendo.

Mwaka 1825 kijana Mwafrika-Mmarekani, Andrew Williams, alinunua viwanja vitatu hapa kwa dola 125, na wengine wakamfuata. Kufikia miaka ya 1850 kijiji kilikuwa na wakazi wapatao 225, wengi wao watu weusi huru, pamoja na wahamiaji wa Ireland. Kilikuwa na makanisa matatu na shule. Kumiliki ardhi hakukuwa jambo la makazi pekee. Sheria ya jimbo ilimtaka mwanamume mweusi awe na mali ya dola 250 ndipo apige kura, sharti ambalo mzungu hakuwekewa, hivyo kiwanja kilikuwa pia ndiyo njia ya kuifikia kura. Jiji lilipoamua kujenga bustani lilitwaa ardhi hiyo kwa sheria ya manufaa ya umma, na kufikia mwaka 1857 kijiji kilikuwa kimeondolewa. Wanaakiolojia walipochimba mwaka 2011 walipata msingi wa nyumba, birika la chai la chuma na kiatu kidogo cha ngozi.

Tembea katika eneo hili polepole kuliko kwingine. Soma mabango kwa mpangilio, kisha panda Summit Rock, karibu na Mtaa wa 83, sehemu ya asili iliyo juu kuliko zote katika bustani, mita 42 hivi kutoka usawa wa bahari. Kutoka juu utaelewa kwa nini watu waliochoshwa na msongamano na chuki za kusini mwa kisiwa waliuchagua mwinuko huu.

Hatua ya tano: kulizunguka bwawa kwa upande sahihi

Rudi ndani ya bustani kwa kuvuka barabara tena na uelekee jengo la mawe lililo ukingoni mwa bwawa kubwa, usawa wa Mtaa wa 86. Bwawa hili la hekta 43 liliacha kulisha jiji maji mwaka 1993, na tangu mwaka 1994 lina jina la Jacqueline Kennedy Onassis, mjane wa Rais John F. Kennedy. Njia inayolizunguka ina urefu wa kilomita 2.5, na kanuni yake ni moja: kila mtu, mkimbiaji na mtembeaji, huenda kinyume cha mwendo wa saa. Maana yake ni kwamba anayetaka kwenda kaskazini lazima apite upande wa mashariki. Anayepita upande wa magharibi kuelekea kaskazini atakutana uso kwa uso na wakimbiaji wote, na hawatafurahi. Akitaka upande huo kwa lazima, ashuke kwenye njia pana ya farasi iliyo chini.

Ninaupendelea upande wa mashariki hata bila kanuni hiyo, kwa sababu unatembea huku maji yako kushoto na minara pacha ya majengo ya Central Park West inaakisiwa ndani yake. Aprili, micheri iliyo kandokando huchanua.

Hatua ya sita: kaskazini

Toka kwenye njia ya bwawa karibu na Mtaa wa 95 na ufuate vijia vya mashariki, sambamba na Fifth Avenue, hadi Conservatory Garden, usawa wa Mtaa wa 105. Bustani hii ndogo ya maua, iliyofunguliwa mwaka 1937, hufunguliwa saa 2 asubuhi na ina sehemu tatu za mitindo ya Kitaliano, Kifaransa na Kiingereza. Keti hapa ule ulichobeba. Baiskeli haziingii, na kelele hazitakiwi.

Kaskazini yake liko ziwa la Harlem Meer. Lizunguke kwa ukingo wa kusini ukielekea magharibi hadi Davis Center, kituo kipya cha michezo na burudani kilichofunguliwa mwaka 2025, ambapo kijito kilichokuwa kimefungiwa chini ya ardhi kwa miongo kadhaa kimerudishwa juu. Kifuate kijito hicho kuelekea kilikotoka. Utapita chini ya Huddlestone Arch, tao la mawe makubwa yaliyopangwa bila saruji, yakishikiliwa na uzito wake yenyewe huku barabara ikipita juu. Simama chini yake na uguse mahali ambapo mawe mawili yanakutana: ukucha unaingia, lakini hakuna kilichojazwa katikati.

Baada ya tao sauti ya jiji hutoweka. Uko katika bonde liitwalo Ravine, na maji yanashuka kwenye maporomoko madogo upande mmoja wa njia. Kaa kwenye kijia kilicho kando ya maji. Vijia vinavyopanda kulia vinaelekea kwenye vilima ambako kuna ngome ndogo ya mawe ya mwaka 1814, nayo inafaa kutembelewa mkiwa wawili au zaidi. Usiache kijia kukata mteremko, maana udongo hapa ni mwembamba na kupe wanaweza kuwamo kwenye majani marefu. Utapita chini ya tao la pili, Glen Span Arch, na mara moja bonde litafunguka kwenye bwawa dogo tulivu liitwalo The Pool, lenye mierebi iliyoinamisha matawi hadi kwenye maji.

Lizunguke hadi upande wa magharibi na utoke Central Park West usawa wa Mtaa wa 103, ambapo kituo cha treni kiko mlangoni kabisa. Treni ya C hupita kila siku na ya B siku za kazi tu. Zote mbili zinakurudisha Columbus Circle, na ukiwa jukwaani hakikisha umesimama upande ulioandikwa kwenda kusini.